Nani Amemwaga Maji Ndani ya Buti?

Jumamosi moja wakati wa masika nilifungua buti la gari letu nitoe kilo 10 za unga wa ngano. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na akina mama wa kanisa walikuwa wamenituma kuununua kwa ajili ya maandazi. Niliponyanyua mfuko, ulichanika chini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nusu ya unga ilikuwa donge.

"Mama, si nilikwambia madumu yafungwe vizuri?" aliuliza mume wangu.

Sikuwa nimebeba dumu lolote. Lakini ugomvi huo haukuanza siku ile. Kwa wiki nyingi gari lilikuwa linanuka uvundo. Yeye alisema ni samaki wangu wa Feri, nami nikasema ni dumu lake la maji ya rejeta. Kapeti tulikwisha lifua mara mbili. Fundi mmoja alilipwa kupaka gundi nyeusi kuzunguka kioo cha nyuma, na mvua iliyofuata ikatuonyesha kwamba tulilipia urembo. Kilichoniuma zaidi ni mtoto wetu wa pili, ambaye ana pumu. Alikuwa akianza kukohoa kila tunapompeleka shule, na ukungu unaoota kwenye kapeti bichi ni adui mkubwa wa kifua kama chake.

Unga tulinunua mwingine kwa fedha zetu. Jumatatu, baada ya kazi, tuliamua kutafuta wenyewe.

Maji hayakai yalipoingilia

Hapo ndipo tulipokuwa tumekosea sote, pamoja na fundi. Maji huingia juu, hutambaa kwa siri nyuma ya kava za pembeni, kisha hutulia mahali pa chini kuliko pote, yaani kwenye shimo la tairi la akiba. Ukiyaona hapo, usidhani tundu liko hapo.

Tulitoa kila kitu: tairi, jeki, kapeti, na lile blanketi zito lililo chini ya kapeti, ambalo hunyonya maji kama sifongo na ndilo linalonuka. Tulivitandaza juani. Bati tulilifuta mpaka likakauka kabisa. Kisha nikachukua poda ya mtoto, nikainyunyiza kwenye maungio ya bati, chini ya taa za nyuma na kuzunguka ukingo wa buti. Maji yakipita kwenye poda huacha njia, nawe huifuata kwa kurudi juu mpaka kwenye chanzo.

Baba alisimama nje na jagi la maji. Mimi nililaza kiti cha nyuma, nikaingia kichwa na mabega nikiwa na tochi. Mtoto wetu mkubwa aliomba afungiwe yeye ndani ya buti, maana ni mdogo wa umbo. Tulikataa, na wewe mama mwenzangu ukatae. Buti si mahali pa kumfungia mtoto hata kwa dakika moja.

Anza kumwaga sehemu ya chini, ukipanda polepole. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila mahali na hutajua lipi ni lipi. Tulianza na bampa, kavu. Taa ya namba, kavu. Taa ya kulia, kavu. Tulipofika taa ya kushoto, nikaona mstari mwembamba ukishuka kwenye poda.

"Baba, njoo uone samaki wangu," nilimwita. Alicheka, nami nikacheka.

Pa kutazama, na pa kutogusa

Taa ile ilikuwa na gasketi iliyobanwa miaka mingi hadi ikawa ngumu na kupasuka. Tuliitoa kwa kufungua nati zake kutoka ndani, tukasafisha, tukaweka gasketi mpya. Ukitumia silikoni badala yake, usichukue ile inayonuka kama siki, kwa sababu asidi yake hula bati. Omba isiyo na asidi.

Kwa gari lenu huenda tatizo likawa kwingine. Mpira unaozunguka buti hupimwa kwa ukanda wa karatasi: funga buti juu yake, kisha uvute. Ukitoka bila kubishana, mpira umelala hapo. Uoshe kwa maji ya sabuni na upake glisirini kidogo. Usipake vaselini wala oili, maana mafuta hayo huulegeza na kuuharibu. Majani ya mti unaoegesha chini yake huziba mifereji iliyo pembeni mwa mfuniko. Shina la eriali nalo lisisahauliwe. Gari lililowahi kugongwa nyuma likanyooshwa huweza kuvuja kwenye maungio ya bati, na hiyo ni kazi ya fundi wa bodi. Mpelekee ukiwa umekwisha jua mahali penyewe, asije akakupaka gundi kila kona.

Wako wanaong'oa kizibo cha sakafuni ili maji yajitokee yenyewe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tundu linalopitisha maji hupitisha pia vumbi na moshi wa ekzosi, na buti liko karibu kabisa na ekzosi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua. Ikiwa safarini watoto waliokaa nyuma wanalalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, au wanasinzia isivyo kawaida, msiwaambie wavumilie. Simamisheni gari, zimeni injini, washukeni wote kwenye hewa safi, na mtoto apelekwe hospitali hata akionekana kupata nafuu. Gari lisitumike tena mpaka ekzosi na mipira ya nyuma ikaguliwe.

Kabla ya kurudisha kapeti tulikwangua kutu iliyoanza kwenye shimo la tairi na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Blanketi lilichukua siku 3 kukauka. Ukilirudisha likiwa bichi, uvundo utarudi nalo.

Chini ya tairi tulitandika gazeti kuukuu. Wiki ile ile mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mume wangu ndiye aliyetangulia kwenda kulitazama. Alirudi jikoni amelishika mkononi, kavu, akaketi kulisoma.