Nilitafuta wembamba, nikaambulia kizunguzungu!

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka tu, ruksa.

Mwaka jana shoga yangu wa toka sekondari alikuwa anaolewa, na sisi wasindikizaji tukashonewa magauni ya kitenge yanayobana hasa. Fundi akanipima, akaguna. Guno lile, jamani! Siku hiyo hiyo nikaapa kwamba mpaka ifike sendofu mwili utakuwa umepungua.

Nikaanza dayati. Asubuhi chai kavu bila sukari. Mchana matango mawili na ile soda isiyo na sukari. Usiku tango tena. Mama akipika maharage ya nazi, nakimbilia chumbani. Parachichi nililiogopa kama nyoka, eti lina mafuta. Karanga ndiyo usiseme. Wenzangu wakila ugali na dagaa nawaangalia kwa huruma, najiona mimi ndiye mtu wa afya.

Wiki ya tatu, niko Buguruni nasubiri daladala, macho yakaingia giza. Niliposhtuka nimekaa chini, mama muuza maandazi ananipepea kwa kanga.

Zahanati nesi akanitoboa kidole, akasema damu imepungua na kama nakula vibaya itazidi kushuka. "Mdogo wangu, kwani unakula nini?" Nikajibu kwa maringo, "Vyakula vya afya, dada." Nilipovitaja akacheka mpaka akavua miwani. "Hivyo vina kalori kidogo tu. Afya ni kitu kingine."

Basi sikia. Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unapata kwenye chakula. Gramu 1 ya mafuta inatoa kalori 9, ya wanga au protini inatoa 4. Tango, kwa kuwa karibu lote ni maji, gramu 100 zinatoa kalori 15 hivi. Parachichi ni kama 160, na karanga zinapita 550. Kwa namba peke yake tango kashinda, tena kwa mabao mengi.

Lakini namba haisemi umepata nini. Karanga na maharage vina protini ya kujenga mwili. Parachichi lina nyuzinyuzi, na mafuta yake mengi ni yale yasiyogombana na moyo. Dagaa unaowatafuna na mifupa yao wana madini ya kuimarisha mifupa yako, na wana chuma cha kuongeza damu. Hata vitamini A ya kwenye mchicha, mwili hauichukui vizuri bila mafuta kidogo. Kumbe bibi zetu waliounga mchicha kwa karanga hawakuwa washamba!

Na ile soda yangu? Kalori karibu sifuri, faida nayo sifuri. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo na sukari ili kupunguza uzito.

Ila msije mkasema nimewaruhusu kufakamia. Kalori zikizidi utanenepa tu, hata zikitoka kwenye karanga. Karanga ni kiganja kimoja, siyo debe. Na tango halina kosa: likate kwenye kachumbari, weka pembeni ya wali maharage, mambo safi. Kosa ni kuligeuza mlo mzima.

Siku hizi nikishika chakula najiuliza maswali mawili: kina nguvu kiasi gani, na ndani yake kuna nini cha kunifaa? Zamani nilijua la kwanza tu.

Na lile gauni? Fundi aliachia mshono kidogo, dakika kumi kazi imekwisha. Nilicheza sendofu mpaka viatu vikavuliwa, na pilau nikala. Tukutane wiki ijayo!