Nyoka Mgeni Asilishwe Siku ya Kwanza

Kwetu mgeni hukaribishwa kwa chakula. Nyoka wa mahindi aliyehamishwa nyumba ndiye mgeni wa pekee ninayemnyima makusudi, na nawasihi wazazi wenzangu hapa Columbus, Ohio, ambao watoto wao wamependa kufuga nyoka, wafanye vivyo hivyo.

Nyoka huyu asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, huua panya kwa kumbana. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, ndiyo maana wengi hubadilisha wamiliki wakiwa wameshakua. Wetu, jike la rangi ya chungwa lenye mabaka mekundu, tulipewa na jirani aliyekuwa anahama. Kabla ya kumbeba nilimwuliza jirani: alikula lini mara ya mwisho? Panya wa ukubwa gani? Aliyegandishwa au hai? Majibu yake ndiyo yaliyoniongoza.

Wiki ya kwanza hatukumshika. Alikuwa na maji safi, maficho mawili na utulivu. Mwanangu alihangaika: "Mama, atakufa njaa!" Nikamwambia, "Hafi, mwanangu. Mwache kwanza apazoee." Nyoka hachomi chakula ili kupasha mwili joto kama sisi, kwa hiyo mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Joto hulipata nje, na bila joto hilo tumbo halisagi kitu. Upande mmoja wa tangi uwe na nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, na mwingine uwe wa baridi kidogo, karibu nyuzi 24, achague mwenyewe. Kipimajoto kitangulie panya.

Mlo wake ni panya mmoja mzima, ambaye unene wake unalingana na sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka, au umezidi kidogo tu. Kwa nyoka mkubwa, mlo mmoja kila siku 10 hadi 14 unatosha. Ukizidisha ananenepa vibaya. Mimi hununua panya waliogandishwa, kwa sababu panya hai huuma na anaweza kumjeruhi nyoka. Usiku namhamishia mmoja kwenye friji ayeyuke, kisha namtia ndani ya mfuko wa plastiki na kuuzamisha kwenye maji ya moto kiasi, mpaka tumbo lake likibonyezwa liwe laini, lisilo na barafu ndani. Maikrowevu haifai, humpika.

Jioni, taa zikiwa zimefifishwa, namshika panya mkiani kwa kibanio kirefu na kumsogeza polepole. Ulimi wa nyoka huanza kucheza haraka, shingo inajikunja, kisha anaruka na kujizungusha mara mbili tatu, ingawa panya alishakufa zamani. Baadaye hutafuta kichwa na kuanza kumeza. Tukimaliza tunanawa mikono kwa sabuni, kwani nyoka na panya huweza kubeba bakteria wa salmonela. Kwa saa 48 haguswi na mtu.

Akikataa, mwondoe panya, mtupe, na ujaribu tena baada ya wiki. Tazama macho: yakiwa na ukungu wa bluu, anakaribia kujivua gamba, na wakati huo wengi hawataki chakula. Madume nao hususa majira ya kuchipua, wanapotafuta majike. Akitapika, mpumzishe wiki mbili, kagua joto, halafu anza na panya mdogo.

Nunua mizani ya jikoni ya kumtumia yeye peke yake, na uandike uzito wake kila mwezi. Nyoka anayesusa huku uzito umesimama palepale, mvumilie. Anayepungua kila akipimwa, au anayetapika tena na tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka, wala usimlazimishe kula.