Huduma kwa wote, je, inawafikia wote? Funzo kutoka Baltimore



Katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini huduma iliyo wazi kwa kila mtu inaweza kuwaacha nje wanaoihitaji zaidi. Tunachukua mfano wa jiji la Baltimore nchini Marekani, ambako zaidi ya nusu ya wakazi ni weusi.

Opioidi ni kundi la dawa zenye nguvu ya kutuliza maumivu, zikiwemo mofini, heroini na fentanili. Zikizidi mwilini, mtu huacha kupumua. Kati ya mwaka 2018 na 2023, karibu watu 6,000 walikufa Baltimore kwa kuzidisha dawa. Uchunguzi wa waandishi wa habari uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wanaume weusi waliozaliwa kati ya 1951 na 1970 ni asilimia 7 tu ya wakazi, lakini walikuwa karibu asilimia 30 ya waliokufa.

Kwa nini wao? Kwanza, kwa miaka mingi mraibu mweusi alihesabiwa mhalifu kabla ya kuhesabiwa mgonjwa. Sheria ya mwaka 1986 iliadhibu gramu 5 za kokeini ya mawe, ambayo wengi waliofungwa kwayo walikuwa weusi, sawa na gramu 500 za kokeini ya unga. Tofauti hiyo ilipunguzwa mwaka 2010, lakini aliyewahi kufungwa hupata kazi na nyumba kwa shida.

Pili, ni njia ya kupata tiba. Methadoni, ambayo Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, humtaka mgonjwa kufika kliniki kila siku, hasa mwanzoni. Buprenofini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, huandikwa na daktari na kutumiwa nyumbani. Tafiti zimeonyesha kuwa walioandikiwa wengi walikuwa weupe wenye bima au fedha taslimu.

Jiji lilichukua hatua. Mwaka 2015 liliruhusu wakazi kupata naloksoni, dawa inayorudisha pumzi, bila kwanza kumwona daktari. Ni hatua njema. Hata hivyo, naloksoni hutolewa na mtu mwingine. Mzee aliyezidisha dawa akiwa peke yake chumbani hana wa kumpulizia puani.

Mwaka 2024 jiji lilipata zaidi ya dola milioni 400 kwa makubaliano na kampuni za dawa. Fedha hizo zikigawanywa sawasawa kila mtaa, mzee huyo hatafikiwa. Haki ni kuzipeleka penye vifo vingi, pamoja na watu wa kumtembelea.

Kamati zetu na wafadhili wanaweza kujifunza hapa. Taarifa ya mradi isiishie kwenye jumla ya waliohudumiwa. Ioneshe pia umri, jinsia na mahali wanapoishi, kisha tuulize: nani hayumo, na ni nini kinachomzuia?