Kuchoma Tairi: Madhara Yanayobaki Ndani ya Pikipiki Moshi Ukishatoweka



Malalamiko yanayotufikia kutoka Busia na Malaba kuhusu vijana wanaochoma tairi za pikipiki huwa ni ya kelele, vumbi na hofu ya watoto kugongwa. Ni malalamiko ya haki. Hata hivyo, yapo madhara mengine ambayo hakuna anayeyalalamikia, kwa kuwa hayaonekani siku ile ile. Pikipiki iliyochomwa tairi jioni katika msafara wa harusi au wa mazishi huamkia stejini asubuhi, na abiria anayepanda nyuma hajui ilikotoka. Kwa ajili ya abiria huyo, na kwa ajili ya tajiri aliyeikodisha na mnunuzi atakayeuziwa kesho, tumeona inafaa kueleza kinachotokea ndani ya chombo.

Mwendeshaji hubana breki ya mbele, au huegemeza gurudumu la mbele kwenye mti au ukuta, kisha hufungua mafuta mpaka injini ingurume na kuachia klachi ghafla. Gurudumu la mbele limezuiwa. La nyuma huzunguka palepale, mpira ukisuguana na ardhi hata utoe moshi. Pikipiki zetu nyingi ni za cc 100 hadi 150, na zimeundwa kwa kubeba watu na mizigo kwa mwendo wa wastani. Kwa kuwa nguvu zake ni chache, wengine humwaga maji au oili chafu chini ili gurudumu liteleze. Wakishafanya hivyo hudhani kwamba pikipiki haiumii, maana inazunguka kwa wepesi.

Tuanze na tairi lenyewe. Tairi la nyuma la pikipiki ya kawaida ya bodaboda lina mzingo wa karibu mita 1.8. Gurudumu likizunguka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, katika dakika moja huzunguka zaidi ya mara 350. Barabarani mizunguko hiyo haina ubaya, kwa sababu mpira hujiviringisha: kila sehemu hugusa lami kidogo tu, huinuka, hupoa. Katika mchezo huu sehemu zote za tairi huburutwa juu ya kipande kimoja cha ardhi kisichozidi kiganja. Ni sawa na kuliburuta tairi lililofungwa lisizunguke kwa zaidi ya nusu kilomita. Moshi mnaouona ni mafuta na kemikali zilizochanganywa ndani ya mpira zikipikwa hata kugeuka mvuke. Kemikali hizo ndizo zinazoufanya mpira uwe laini na ushike barabara. Zikiisha kutoka, mpira unaobaki hung'aa, hukauka na kuwa mgumu, nao huteleza mvua inaponyesha.

Chini ya mpira huo kuna nyuzi zilizosukwa ambazo ndizo zinazobeba uzito na kuzuia upepo wa ndani usilipasue tairi. Joto kali huzitenganisha nyuzi na mpira. Kwa nje tairi linaweza kuonekana zima, pengine limepungua tu katikati. Siku ya tatu, likiwa limebeba mama, mtoto na gunia la mahindi, mahali palipoachana hufura kama jipu na kupasuka. Isitoshe, tairi zetu nyingi zina tyubu ndani. Tyubu iliyopashwa moto huwa nyembamba na viraka vya zamani huachia. Mwendeshaji mwenye tairi la mbele lililopasuka aghalabu huanguka. Mwenye la nyuma hutikiswa na kuyumba upande huu na huu. Katika barabara ya Malaba, iliyojaa malori ya mizigo, kuyumba hatua mbili kwatosha kumwingiza mtu chini ya magurudumu.

Injini nayo ina habari yake. Injini za pikipiki hizi hupozwa kwa upepo. Yale mapezi yaliyozunguka silinda hayana kazi nyingine ila kuupokea upepo wa safari na kuutupa moto nje. Hakuna rejeta, hakuna feni. Pikipiki ikisimama palepale huku injini ikizunguka kwa nguvu zake zote, moto huzalishwa kwa wingi na upepo wa kuuondoa haupo. Oili, ambayo kwa kawaida ni lita moja hivi, huwa nyepesi kama maji na kuacha kuzitenganisha pistoni na silinda. Chuma husaga chuma. Ringi za pistoni huchoka, na wiki chache baadaye tajiri huona moshi wa buluu ukitoka kwenye bomba na oili ikipungua bila kuvuja mahali. Hapo humlaumu fundi, au humlaumu muuza oili. Mara nyingine pistoni hunasa kabisa, na ikinasa katika mwendo gurudumu la nyuma hufunga bila onyo.

Klachi ya pikipiki hizi imelala ndani ya oili ile ile ya injini. Jambo hili wengi hawalijui, nasi tunalikazia. Pleti za klachi zinapoungua kwa kuachiwa na kubanwa ovyo, unga wake humomonyoka na kuingia ndani ya oili inayolainisha gia, pistoni na beringi. Kwa hiyo klachi haifi peke yake. Dalili yake ni injini kunguruma mlimani huku pikipiki haiendi, na oili kunuka kama kitu kilichoungua.

Huko nyuma kuna mnyororo. Gurudumu linaloteleza hukamata ardhi ghafla linapofika mahali pakavu, kisha huteleza tena. Kila linapokamata, mnyororo hupokea pigo. Mapigo hayo huurefusha, na meno ya sproketi huinama yakawa kama makucha. Ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma kuna vipande vya mpira vilivyowekwa kupunguza mapigo hayo. Navyo hupondeka, na mtu husikia mgongano kila anapobadili gia. Mnyororo ukikatika karibu na sproketi ya mbele waweza kujikunja na kupasua ganda la injini, au kulifunga gurudumu.

Baadhi ya watu hudhani breki ya mbele ndiyo inayoumia zaidi. La. Gurudumu la mbele halizunguki, basi breki hiyo haisuguliwi. Kinachoumia mbele ni beringi za shingo ya usukani na shokomzoba, hasa kwa wale wanaosukumiza pikipiki ukutani. Usukani huanza kuwa mzito katikati, au kugonga unapofunga breki.

Jambo linalofanya madhara haya yafichike zaidi ni mita. Katika pikipiki nyingi za aina hii, waya wa mita hutoka gurudumu la mbele. Gurudumu la nyuma lizunguke jioni nzima, mita haiandiki hata mita moja. Pikipiki inaweza kuonyesha kilomita chache na ikawa ndani yake imezeeka. Mnunuzi anayevuka mpaka kutafuta pikipiki ya bei nafuu, akatazama mita na rangi pekee, hununua ugonjwa wa mwenzake.

Hapo ndipo swali la nani alipe linapokuwa gumu. Pikipiki nyingi za mpakani si mali ya anayeziendesha. Tajiri huikabidhi kwa kijana wa mchana, naye humwachia mwenzake wa usiku. Aliyechoma tairi hupata shangwe za dakika mbili. Aliyeanguka kesho yake ni mwingine. Ajali inapotokea, mkaguzi wa magari huitazama pikipiki, na tairi lililoungua au mnyororo uliolegea huandikwa katika ripoti pamoja na jina la aliyekuwa akiendesha saa ile. Kwa upande wa Uganda, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza uendeshaji wa hatari, na inakataza pia kutembeza chombo kibovu barabarani. Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo inayashughulikia mambo hayo. Mwendeshaji asitegemee kujitetea kwamba ubovu aliukuta.

Kwa hiyo tunawaomba wenyeviti wa steji waweke desturi ya kuitazama pikipiki inapobadili mikono, kabla kijana wa zamu nyingine hajaipokea. Haihitaji fundi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono na upitishe macho juu ya tairi lote. Ukiona mkanda bapa unaong'aa katikati, vidonge vidogo vya mpira vilivyoganda pembeni, uvimbe, au nyuzi zinazochungulia, tairi hilo limekwisha, hata kama kashata zake za kando bado ni ndefu. Vuta mnyororo kwa kidole upande wa nyuma wa sproketi kubwa. Ukiachana na meno, umerefuka. Chomoa kijiti cha oili na ukinuse.

Pikipiki inayojulikana kuwa imechomwa tairi isipewe abiria siku inayofuata. Fundi afungue gurudumu la nyuma, avue tairi na kulipapasa kwa ndani, abadili tyubu, atazame vipande vya mpira vya kitovuni, kisha amwage oili ikiwa bado ya moto na kuichunguza kwenye chombo cheupe. Akikuta unga mweusi au chembe zinazometa, klachi ifunguliwe kabla oili mpya haijatiwa.