Wasifu wa Mkulima wa Buha

Katika misiba mingi ya Kasulu na Kibondo siku hizi, kabla ya kwenda makaburini, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifunga ndoa na nani, ameacha watoto, wajukuu na vitukuu wangapi. Aliyekuwa mwalimu au karani hutajiwa vituo vyake vya kazi kimoja baada ya kingine. Mzee aliyelima maisha yake yote huambulia maneno mawili, alikuwa mkulima, na bibi aliyelima pengine kuliko yeye huitwa mama wa nyumbani. Kwangu huu ni upungufu mkubwa katika namna Waha tunavyowakumbuka wazee wetu. Historia ya kizazi chao imo shambani, na kizazi hicho kilipita katika mabadiliko mengi kuliko sifa ya “alishika mila” inavyotuaminisha.

Mtu aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuta Buha, nchi ya Waha, ikiwa chini ya wami, watawala wake, wa Heru upande wa Kasulu na wa Muhambwe upande wa Kibondo, pamoja na watware, machifu wadogo waliokuwa chini yao. Wateko, wazee wa matambiko ya ardhi, walikuwa na neno lao katika kugawa ardhi na kuiombea baraka. Asiye na ng'ombe aliweza kumpata kwa ubugabire, akamtumikia mwenye mifugo. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wameifanya Buha chimbuko la manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Kuanzia 1944 shirika la waajiri wa mkonge, SILABU, lilikusanya vijana na kuwapeleka mashamba ya Tanga na Morogoro. Hapa ndipo maneno “mama wa nyumbani” yanapokosea zaidi. Mwanamume akiwa mkongeni, mke ndiye aliyechagua mbegu, aliyefyeka, aliyepanda mihogo ili njaa isimkute mikono mitupu, na aliyejua mpaka wa jirani unapita wapi.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ukaondolewa kisheria. Miaka tisa baadaye ikaja Operesheni Kigoma ya kuhamishia watu vijijini, badiliko ninaloliona kubwa kuliko yote. Waha walikuwa wakiishi kwa kutawanyika vilimani, kila kaya katikati ya migomba yake, na mbolea ya zizi na taka za jikoni vikiilisha ardhi ileile miaka nenda rudi. Walipohamishiwa kandokando ya barabara, nyumba ilitengana na shamba. Migomba iliyotunzwa na vizazi ikabaki mahameni pamoja na makaburi ya waliowatangulia, na mkulima akaanza upya kwenye udongo asioujua. Alijifunza kwa kujaribu ni wapi maharage yatastahimili na wapi mihogo pekee ndiyo itakayokubali. Anayemwita mzee huyo mtu asiyependa mabadiliko hajatazama alichokifanya akiwa na jembe. Baadaye wakaja wakimbizi wa Burundi wa 1993, kambi ya Nyarugusu ya Wakongo mwaka 1996, kisha wimbi la Warundi la 2015 lililofungua tena kambi ya Nduta. Kuni zikawa mbali, vibarua wakapatikana kwa urahisi, masoko ya mazao yakabadilika, na ugonjwa wa batobato ukala mihogo. Mara zote hizo kulikuwa na uamuzi wa kufanywa, na uamuzi huo hatuutaji popote tunapowazika waliouamua.

Wapo watakaosema kwamba huo wasifu wenyewe ni desturi ngeni iliyokuja na makanisa na ofisi, na kwamba wazee walikumbukwa kwa kulimwa mashamba yao. Ni kweli. Lakini kumbukumbu hiyo ilihitaji mjukuu aliyelima bega kwa bega na babu yake. Wajukuu wakiwa Kahama, Mwanza na Dar es Salaam, shamba halina wa kulisikiliza. Wengine watasema wazee wenyewe walitamani watoto wao waepukane na jembe. Hilo nalo ni kweli, na haliwapunguzii heshima. Magunia ya maharage waliyouza ndiyo yaliyolipa ada, na mtu anaweza kumwepusha mwanawe na uchovu bila kutaka kazi yake isahaulike.

Pingamizi zito ni hili: kutaja mashamba msibani ni kuwasha ugomvi wa urithi kabla machozi hayajakauka. Nalipima pingamizi hili kwa uzito wake, na nakubali kwamba wasifu haufai kuwa mahali pa kugawa mali. Hata hivyo ugomvi hauzuiliwi na ukimya, unaahirishwa tu mpaka mashahidi waishe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inazipa haki za kimila za ardhi hadhi sawa na hati nyingine, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake, husuluhisha kwa kusikiliza watu wanaojua. Binti anayedai shamba ambalo mama yake alilifyeka wakati baba yuko mkongeni atahitaji majirani waliowahi kulisikia jambo hilo likitamkwa hadharani, na msiba ni mmoja wa mikutano michache ambayo kijiji kizima bado huhudhuria.