Maji Yakiingia Leo, Lini Utauza Tena?

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitua Mafia, wengi wetu tukasema hayo ni ya pwani. Jamani, Mwakata hapo Kahama mmeisahau? Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliua zaidi ya watu 40. Nyumba za udongo ziliwaangukia watu wamelala, na chakula kikaharibika humo humo.

Uimara wako upime kwa siku: maji yakiingia leo, lini utauza tena? Kijana mwenye majaruba mazuri ya mpunga lakini mbegu yote iko chumba cha tofali mbichi, jibu lake ni msimu mzima. Gawa mbegu wiki hii: nusu ikae kwa jirani mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, juu ya chaga.