Kutoka Mombasa hadi Meru: safari iliyokosa makumbusho

Sisi watu wa Pwani tunaijua Meru kwa miraa na Embu kwa muguka. Mabishano ya mwaka 2024, pale Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa na mahakama ikasimamisha amri hiyo, yalizidi kutufanya tuione miji hiyo kama chanzo cha majani tu. Lakini baina yetu na wao kuna historia ndefu ya usafiri, na niliifikiria sana nilipozuru Makumbusho ya Meru.

Makumbusho hayo yamo ndani ya jengo la mawe lililojengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, wakati wa ukoloni. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1974. Kazi yake ni kuhifadhi utamaduni wa Wameru: nyumba zao, dawa zao za miti, vyombo vyao. Si makumbusho ya magari. Hata hivyo, habari ya safari imo ndani ya asili yao wenyewe. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu zao waliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji huku Pwani, ambapo baadhi ya watafiti wanapahusisha na Manda, jirani na Lamu. Walitumikishwa na watu walioitwa Nguuntune, wakatoroka, wakavuka maji, wakaenda hadi miguuni mwa Mlima Kenya. Kwa masimulizi hayo, abiria wa kwanza wa Pwani kwenda Meru walikwenda kwa miguu.

Baadaye ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Historia hiyo imetunzwa vizuri katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo yamo magari ya moshi ya zamani, na lile behewa ambamo simba alimvuta Charles Ryall, afisa wa polisi, pale Kima mwaka 1900.

Lakini mwenye kuitafuta Embu au Meru kwenye ramani ya reli hataiona. Tawi lililotoka Nairobi kupitia Thika lilipita upande wa magharibi wa mlima hadi Nanyuki, kwenye mashamba ya walowezi. Upande wa mashariki ulikuwa wa wenyeji, na ardhi yenyewe ni ngumu. Mito kama Thuchi, Nithi na Mutonga inateremka kutoka mlimani ikichimba mabonde marefu, kisha maji yake yanaingia Tana, mto huu huu unaomwagika baharini kwetu Kipini. Kwa hiyo watu wa Embu na Meru wakategemea barabara: malori, mabasi, kisha matatu.

Jina hilo la matatu nalo lina historia. Latokana na Kikikuyu, senti thelathini za nauli, yaani sarafu tatu za senti kumi. Kampuni ya Kenya Bus Service ilikuwa imeanza Nairobi tangu 1934, na matatu zikawa zinabeba watu kwa wizi wizi mpaka Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu mwaka 1973. Mwaka 2004 zikaja kanuni za Waziri John Michuki: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa manjano.

Sasa tazama barabara ya Embu hadi Meru. Baada ya Runyenjes na Chuka, gari linapanda na kuteremka, bonde moja baada ya jingine, na kona juu yake. Pale daraja la Nithi, mteremko ni mrefu. Dereva akiteremka kwa kukanyaga breki mfululizo, breki hupata moto na nguvu yake hupungua, mpaka hufika mahali akikanyaga gari halisikii. Njia salama ni kuingia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini yenyewe ilizuie gari. Mgeni asiyeijua njia, au dereva aliyechoka na safari ya usiku, yumo hatarini zaidi.

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hawakuwa wageni kwetu. Walikuwa wakija huku huku, kwenye kazi, biashara na jamaa. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo.

Maoni yangu ni haya. Tumehifadhi injini za moshi na behewa la mtu mmoja aliyeliwa na simba, na ni vizuri. Lakini barabara iliyobeba maelfu, na kuua wengi, haina hata chumba kimoja cha kueleza ilivyokuja na kwa nini inaua. Makumbusho ya Meru yangefaa sana kwa kazi hiyo: picha za mabasi ya zamani, ramani ya mabonde, simulizi za madereva wastaafu ambao bado wako hai, na majina ya waliopotea Nithi iwapo jamaa zao wataridhia. Watoto wa shule wanaozuru wangeondoka wanajua gia ndogo ni ya nini.

Nasi Mombasa tusijione tumefanya vyema zaidi. Zamani vigari vilisukumwa na watu juu ya reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na vijana wetu wangapi wanalijua hilo? Fort Jesus pana nafasi. Wenye picha za zamani majumbani wazitoe zinakiliwe, kabla mchwa hawajazimaliza.